Sumu Inayopanda Angani: Nani Huijaza, Nani Huiokota

Misindano na milingoti iliyotanda kati ya Makambako na Njombe huhesabika vizuri zaidi kutoka juu. Anayepita barabarani huona safu za mwanzo tu; mashamba yenyewe yamejificha mabondeni, mengi ni ya watu binafsi wenye eka chache chache, na hakuna ofisi ya kijiji yenye orodha yake yote. Ndiyo maana ramani za miti ya kupandwa ya Nyanda za Juu Kusini zilizochorwa miaka ya karibuni zimetegemea picha za satelaiti, hasa Landsat ya Marekani na Sentinel za Ulaya. Picha hizo hutolewa bure, na zimetusaidia sana. Lisilosemwa ni kwamba kila Sentinel-2 iliondoka duniani na zaidi ya kilo 100 za hidrazini ndani ya tangi lake, na Landsat 8 nayo hutumia kimiminika hichohicho. Hidrazini ni sumu kali. Swali la kuiacha na kutumia kitu kingine limewashughulisha wahandisi kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi nadhani linatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu majibu yake ndiyo yatakayoamua kama vijana wetu watatengeneza injini za satelaiti kwa mikono yao au wataendelea kuzitazama kwenye picha.

Kwanza, kwa nini satelaiti ihitaji injini wakati roketi imekwisha kuifikisha juu? Kwa sababu haiachwi ikatulia. Hata kilomita 500 kutoka ardhini kuna hewa nyembamba inayoipunguza mwendo siku hadi siku. Kuna vipande vya vyombo vilivyokufa ambavyo lazima ivikwepe. Na ikimaliza kazi, inatakiwa ijishushe yenyewe ikaungulie angani badala ya kubaki juu kama takataka. Kazi zote hizo hufanywa na visukumizi, yaani injini ndogo sana, nyingine zenye nguvu ya nyutoni moja tu, zinazotema gesi upande mmoja ili chombo kisogee upande wa pili.

Hidrazini ilishinda kazi hiyo kwa urahisi wake wa ajabu. Haihitaji hewa wala cheche. Valvu hufunguliwa, kimiminika hupita juu ya punje zilizopakwa madini ya iridiamu, na papo hapo huvunjika kuwa gesi za moto za amonia, naitrojeni na haidrojeni. Basi. Kichocheo hicho cha iridiamu kilikamilishwa Marekani miaka ya 1960, na vyombo viwili vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 vimeendelea kujielekeza kwa hidrazini kwa karibu nusu karne. Wahandisi hupima ubora wa fueli kwa sekunde, yaani muda ambao kilo moja yake inaweza kutoa msukumo ulio sawa na uzito wake. Hidrazini hutoa sekunde 220 hadi 230 hivi. Si nyingi, lakini zinatosha, na zinapatikana kila valvu inapofunguliwa. Udhaifu wake mmoja wa kimaumbile ungeeleweka haraka na mkulima wa viazi wa Njombe: huganda kwenye nyuzi kama mbili za Selisiasi, baridi ambayo usiku wa Juni na Julai huku kwetu huikaribia. Kwa hiyo tangi na mabomba yake lazima yapashwe joto muda wote, na umeme wa kufanya hivyo hutoka kwenye paneli zilezile zinazolisha kamera.

Ubaya mkubwa uko kwenye mwili wa binadamu. Mvuke wa hidrazini hushambulia mapafu, macho, ini na mishipa ya fahamu. Hupenya hata kwenye ngozi. Na inahesabiwa miongoni mwa kemikali zinazodhaniwa kusababisha saratani. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliiingiza kwenye orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa. Watu wanaojaza tangi la satelaiti kwa hidrazini huvaa mavazi yaliyofungwa kote yenye hewa yake yenyewe, jengo huondolewa watu wengine, na kazi nyingine zote husimama hadi wamalize. Gharama ya hidrazini kwa hiyo haipo sana kwenye bei ya lita. Ipo kwenye mavazi, kwenye mafunzo, kwenye daktari anayesubiri nje, na kwenye siku ambazo kila mtu mwingine amekaa bila kazi.

Ndugu zake na wenzake wanaochanganywa nao kwenye roketi kubwa wana historia mbaya zaidi. Tarehe 24 Oktoba 1960, kombora lililojazwa jamii hiyo ya hidrazini pamoja na asidi ya nitriki lililipuka kwenye uwanja wa Baikonur na kuua makumi ya watu waliokuwa wakilifanyia kazi. Julai 1975 wanaanga watatu wa Marekani, wakirudi kutoka safari ya pamoja na Wasovieti, walivuta moshi wa tetroksidi ya naitrojeni wakati chombo chao kikishuka, na ikabidi walazwe Honolulu. Februari 2008 jeshi la Marekani liliitungua satelaiti yake lenyewe, USA-193, likieleza kwamba tangi lake lilikuwa na kilo 450 hivi za hidrazini iliyoganda, ambayo ingeweza kufika ardhini nzima. Wapo waliodhani kulikuwa na sababu nyingine ya kijeshi. Hata hivyo hoja ya tangi haikuwa ya kubuni: matangi ya titani ni magumu, na huvumilia joto la kushuka kuliko sehemu nyingi za chombo.

Kwa Afrika Mashariki kuanguka kwa vitu hivi si hadithi. Tarehe 30 Desemba 2024 duara la chuma lenye upana wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi lilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema katika taarifa yake ya awali kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Haikuwa na fueli, na hakuna aliyeumia. Lakini wanakijiji walilizunguka na kulitazama kwa karibu kabla wataalamu hawajafika, kama ambavyo watu wa kijiji chochote cha Wanging'ombe au Ludewa wangefanya. Lingekuwa tangi, kishawishi cha kuligusa kingekuwa kilekile.

Majirani zetu wa Katanga waliwahi kuishi na suala hili kwa karibu zaidi. Mwaka 1976 kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ilikodishiwa na serikali ya Mobutu eneo la kama kilomita za mraba 100,000 katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo, nchi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Kayser alitaka roketi ya bei rahisi: mabomba membamba yaliyofungwa pamoja, vifaa vya kawaida vya kiwandani, na fueli za kawaida. Moja ilikuwa mafuta ya jamii ya dizeli. Nyingine ilikuwa asidi ya nitriki. Majaribio yalifanyika Mei 1977, Mei 1978 na Juni 1978. La tatu lilishindikana mbele ya Mobutu mwenyewe, na mwaka 1979, chini ya shinikizo la mataifa makubwa, kampuni iliondolewa. Historia ya OTRAG husimuliwa kama siasa za Vita Baridi, na ndivyo ilivyokuwa. Mimi naisoma pia kama somo la bei. Fueli iliyoonekana rahisi kwenye vitabu vya mhasibu ililetwa mahali ambapo hospitali ziko mbali na barabara ni mbovu, na ubora wa mahali hapo machoni pa mwenye mradi ulikuwa uchache wa watu wa kuhesabika.

Mbadala wa kwanza uliofika mbali ulitoka Sweden. Ni mchanganyiko unaoitwa LMP-103S, wenye chumvi ya amonia dinitramidi, maji, methanoli na amonia. Juni 2010 satelaiti ya Prisma ilirushwa ikiwa na mifumo miwili kwa pamoja, wa hidrazini na wa mchanganyiko huo mpya, ili ilinganishwe katika chombo kimoja. Mpya ulishinda kidogo kwa sekunde na zaidi kwa ujazo, kwa kuwa ni mzito: tangi lenye ukubwa uleule hubeba msukumo wa asilimia 30 zaidi. Waliojaza tangi hawakuhitaji mavazi yale ya kufungwa. Baadaye satelaiti za kupiga picha za SkySat zilibeba visukumizi vya aina hiyo, kwa hiyo si jambo la maabara tena.

Marekani ilikwenda na chumvi nyingine, ya haidroksili amonia. Fueli yao, inayoitwa ASCENT siku hizi, ilijaribiwa angani kwenye chombo cha GPIM kilichorushwa Juni 2019. Ina uzito wa kilo karibu moja na nusu kwa lita, hutoa sekunde kama 250, na ukizidisha uzito kwa sekunde, tangi moja hufanya kazi ya tangi moja na nusu la hidrazini. Haigandi kwenye baridi ya kawaida ya anga. Lakini kila faida hapa imelipiwa. Gesi yake huwaka kwa joto karibu na nyuzi 1,800, kiasi kwamba metali za kawaida haziwezi kuivumilia, na kichocheo chake lazima kipashwe moto kwanza kwa mamia ya nyuzi kabla ya valvu kufunguliwa. Chombo cha Lunar Flashlight kilichorushwa Desemba 2022 kilikusudiwa kuuzunguka Mwezi kwa ASCENT. Visukumizi vyake vilidhoofika, inaaminika kwa sababu ya chembe zilizoziba mabomba membamba yaliyochapishwa kwa mashine, na Mei 2023 safari ya kwenda Mwezini ikafungwa. Fueli yenyewe haikuwa na kosa. Ila mfumo uliozoeleka kwa miaka sitini una mabomba ambayo kila fundi anajua yanazibaje, na mfumo mpya bado unajifunza hayo kwa gharama ya safari nzima.

Fueli hizi mbili huitwa za kijani, na hapo tuwe waangalifu. Kila mkulima wa viazi au parachichi wa Njombe aliyefundishwa kusoma kibandiko cha kiuatilifu anajua maana ya mistari ya rangi chini ya chupa: nyekundu ni sumu kali, njano, buluu, kisha kijani. Anajua vilevile kwamba kijani hakimaanishi inyweke. Chumvi hizi mbili ni kemikali zenye nguvu ya kulipuka zikikaushwa au zikitendewa vibaya, zinadhuru zikimezwa, na zinatengenezwa na wasambazaji wachache mno duniani. Kinachopungua ni hatari ya mvuke, na hilo ndilo linalookoa mapafu ya mjazaji. Kupungua huko ni kwa kweli na natamani kusifiwe kwa kiasi chake. Kuziita salama ni kurudia kosa la wauza dawa za shambani.

Njia nyingine ni za unyenyekevu zaidi, na kwangu ndizo zenye utajiri. Mwaka 2000 chuo kikuu cha Surrey, Uingereza, na kampuni yake walirusha satelaiti ndogo ya SNAP-1 iliyokuwa na gramu 32.6 tu za butani. Butani! Ni gesi ileile iliyomo, pamoja na propani, kwenye mitungi ya kupikia inayopangwa mbele ya maduka ya Makambako. Hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, huhifadhiwa kwenye tangi jepesi, hupashwa moto kidogo na umeme, kisha hutemwa. Kutokana na uzoefu huo Algeria ilipata AlSAT-1 mwaka 2002 na Nigeria ikapata NigeriaSat-1 mwaka 2003, zote zikisukumwa kwa butani. Wahandisi wa nchi zote mbili walikwenda Surrey kujifunza wakati vyombo vikijengwa. Ni mfano wa Kiafrika, una zaidi ya miaka ishirini, na husikii ukitajwa kwenye mijadala yetu. Sekunde zake ni chache, chini ya nusu ya za hidrazini. Lakini satelaiti hizo zilihitaji kushika nafasi zao kwenye safu ya wenzao, na kwa hilo butani ilitosha.

Maji nayo yamekwisha kwenda mbali zaidi ya butani. Novemba 2022 chombo kidogo cha EQUULEUS cha Japani, kilichotengenezwa na shirika la anga la nchi hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo, kilijielekeza kuupita Mwezi kwa kutema mvuke wa maji. Wengine huyatenganisha maji kwa umeme kuwa haidrojeni na oksijeni, kisha huzichoma. Marekani ilijaribu hivyo kwa chombo cha PTD-1 kilichorushwa Januari 2021. Gesi ya nitrasi oksidi, inayotumika hospitalini kupunguza maumivu, ilisukuma satelaiti ya UoSAT-12 mwaka 1999 na sasa inauzwa ndani ya mifumo ya kibiashara. Peroksidi ya haidrojeni ilipeleka satelaiti ya Prospero ya Uingereza angani mwaka 1971, na bado huzungusha pampu za roketi za Soyuz. Ila haitaki kukaa, hujivunja polepole tangini, kwa hiyo haifai kwa chombo cha miaka kumi. Halafu kuna umeme: gesi ya zenoni iliyochajiwa na kurushwa kwa kasi kubwa hutoa sekunde zaidi ya 1,500, lakini kwa nguvu ndogo sana na kwa bei ya juu. Kampuni ya Ufaransa ya ThrustMe ilionyesha kati ya 2020 na 2021 kwamba madini joto, yaani iodini ile inayotiwa kwenye chumvi ya mezani, yanaweza kuchukua nafasi ya zenoni, tena yakiwa yabisi ndani ya tangi lisilo na mgandamizo.

Mbele ya orodha hii, wanaotetea hidrazini wana hoja moja yenye uzito: inajulikana. Chombo cha mamia ya mamilioni ya dola hakiwekwi mikononi mwa kitu kilichojaribiwa mara chache, na mwenye bima hatakubali. Kwa satelaiti kubwa hoja hiyo itaendelea kushinda kwa muda. Kwa vyombo vidogo imekwisha kupoteza nguvu. Satelaiti ndogo hupanda roketi kwa kushiriki nafasi. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 ikiwa mmoja wa abiria wengi ndani ya Falcon 9. Abiria mwenye sumu humgharimu kila jirani yake, na kila jirani ana sauti.

Kuna jambo jingine la kusema kwa uaminifu. Prisma yenyewe, mbebaji wa fueli safi, ilipandishwa na roketi ya Dnepr, kombora la zamani la Kisovieti lililojaa jamii ya hidrazini kwa tani nyingi. ETRSS-1, satelaiti ya kwanza ya Ethiopia, ilipanda Desemba 2019 juu ya Long March 4B ya China, inayochoma hidrazini ya aina ileile pamoja na tetroksidi ya naitrojeni. Mwezi mmoja kabla yake, kipande cha Long March 3B kilikuwa kimeangukia nyumba kijijini Guangxi. Nchi ya Kiafrika inayochagua roketi kwa bei tu inaweza kujikuta inamhamishia mwanakijiji wa China hatari ambayo isingevumilia mwanakijiji wake mwenyewe aibebe. Kilo chache za butani ndani ya satelaiti haziwezi kufuta hilo. Uchaguzi wa roketi na uchaguzi wa fueli lazima vifanywe pamoja.

Sasa Makambako. Mji huu umezaliwa na njia panda: barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ina stesheni yake hapa. Salfa na kemikali nyingine za migodi ya shaba ya Zambia na Katanga hupita ukanda huu. Kwa hiyo swali la kemikali inayosafiri, nani anaisindikiza, dereva amefundishwa nini, lori likipinduka nani anaitwa, linajulikana hapa. Nchi ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo husajili wanaohusika na kutoa vibali. Uzoefu huu ni mtaji. Lakini sheria hiyo imezoea kemikali zinazopita kwa tani. Maabara ya chuo inayotaka nusu lita ya hidrazini kwa ajili ya jaribio ingelazimika kujenga chumba, mavazi na huduma ya dharura vyenye thamani kubwa kuliko satelaiti yenyewe. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au cha Dar es Salaam, hakiwezi kufundisha kwa fueli hiyo. Kwa butani, maji au nitrasi oksidi kinaweza: tangi dogo, valvu, kipasha joto, chumba cha utupu, mizani ya kupimia nguvu. Hapo ndipo ilipo tofauti ninayoijali. Fueli isiyo na sumu kali hufungua karakana.

Satelaiti za kwanza za majirani zetu zilikwepa suala zima. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2018, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda Desemba 2022. Vilikuwa vijisanduku visivyo na injini, katika obiti ya chini ambako hewa huvishusha vyenyewe baada ya muda. Kwa somo la kwanza ilikuwa busara. Lakini anayetaka picha za misitu na mashamba kwa miaka mitano mfululizo lazima apande juu zaidi, na huko juu kushuka hakuji haraka peke yake. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipitisha kanuni ya kwamba satelaiti za obiti ya chini zishushwe ndani ya miaka mitano baada ya kumaliza kazi, na soko la dunia linafuata mwelekeo huo. Injini inaanza kuwa sharti.

Serikali ya Tanzania ilishatangaza nia ya kuwa na satelaiti. Chombo hicho kikiandikiwa zabuni, nadhani kifungu cha fueli kisiachwe kwa muuzaji. Kwa chombo cha kilo kadhaa, butani, maji au nitrasi oksidi vitatosha, na kila kimoja kinaweza kufanyiwa mazoezi hapa nyumbani kabla. Kwa chombo cha kilo 100 chenye kamera nzuri, mfumo wa Kiswidi au wa umeme ununuliwe ukiwa tayari, kwa kuwa kujitengenezea chumvi za kulipuka si kazi ya kuanzia. Hidrazini sioni sababu ya kuigusa. Mkataba utaje kinachobaki tangini mwishoni na namna kitakavyotolewa kabla chombo hakijaanza kushuka, utaje roketi na mahali hatua zake zinapoangukia, na utamke kwamba siku ya kujaza tangi mafundi wetu watakuwa ndani ya chumba kilekile, wakifanya kazi hiyo wenyewe.